Namba ya Siri Ibaki Siri



Juma lililopita mama mmoja mjane alinijia ofisini pa parokia, simu mkononi. Alikuwa ameuza maharage yake. Akasema, "Mwanangu, nitazamie kama fedha zimefika. Namba yangu ya siri ni mwaka niliozaliwa." Nikamjibu, "Mama, mwaka huo umo katika daftari la ubatizo, nami ndiye nilitunzaye. Je, kama ningekuwa mwizi?" Akacheka, kisha akanyamaza.

Zamani fedha ilifichwa chunguni, na mwizi alilazimika kuvunja mlango. Tangu mwaka 2008, M-Pesa ilipoanza Tanzania, fedha hukaa simuni, na mlango wake ni tarakimu nne tu. Mwizi wa siku hizi havunji. Hubisha hodi, ukamfungulia mwenyewe.

Hodi zake ni hizi. Kwanza huandika: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Hakujui wewe; amewaandikia wengi, akitumaini kumpata mmoja aliye tayari kulipa ada ya mtoto siku ile. Usitume kabla hujampigia unayemjua kwa namba yake ya zamani, ukaisikia sauti yake. Pili husema, "Nimekutumia fedha kwa makosa, nirudishie." Tazama salio kwanza, maana mtu yeyote aweza kuandika maneno hayo. Tatu hujifanya mtumishi wa kampuni ya simu, akaiuliza namba ya siri. Mtumishi wa kweli haiulizi kamwe.

Basi namba yako isiwe mwaka wa kuzaliwa, wala 1234. Asiyejua kusoma amchague mtu mmoja mwaminifu wa nyumbani mwake, asimpe simu kila apitaye. Piga *106# uone kama kuna laini ya mgeni iliyoandikishwa kwa kitambulisho chako. Ujumbe wa tapeli upeleke 15040, namba ya TCRA.

Na aliyekwisha kuibiwa asione haya. Awaambie upesi kampuni na polisi. Sheria ya makosa ya mtandao ipo tangu mwaka 2015. Haya zetu ndizo maficho ya mwizi. Tukinyamaza Kibondo, kesho atabisha hodi Kasulu.

Mama yule alibadili namba yake palepale, nami nikageuka kutazama dirishani. Sijui ni ipi, wala sitaki kuijua.