Motokaa Nazo Zala Mahindi

Mahindi twayajua kwa ugali, kwa makande na kwa kuku wetu uani. Lakini huko Marekani yuko mlaji mwingine asiyeshiba, naye ni motokaa. Mahindi husagwa, huchachuliwa kama pombe, kisha hukenekwa ili kupata spiriti ya kuchanganya na petroli. Siku hizi zaidi ya theluthi moja ya mahindi ya nchi hiyo huenda huko.

Mambo haya yalikuzwa na sheria za mwaka 2005 na 2007, zilizowalazimisha wenye petroli kuichanganya na mafuta ya mimea. Basi mwenye njaa na mwenye motokaa wakawa wanagombea gunia moja. Mwaka 2005 kilo 25 za mahindi zilikuwa dola 2 hivi. Katikati ya mwaka 2008 zilipita dola 7. Spiriti haikuwa sababu pekee, maana yalikuwako pia mafuriko, na petroli yenyewe ilikuwa ghali.

Mkulima naye hufuata bei. Mwaka 2006 Wamarekani walipanda mahindi ekari milioni 78. Mwaka 2007 ekari milioni 93. Nyingi kati ya hizo zilitolewa kwenye soya, na soya nayo ikapanda bei. Mwaka huo huo, huko Mexico, maelfu waliandamana kwa kuwa chapati zao za mahindi zimekuwa ghali. Tena mavuno ya mwaka 2014 yalipokuwa mengi, bei ikashuka chini ya dola 4. Aliyekopa akitumaini dola 7 alibaki na deni.

Nasi Tanzania tumeonja. Mwaka 2009 kampuni moja ya kigeni ilipewa zaidi ya hekta 8,000 Kisarawe ili ipande mbono kaburi, upate kukamuliwa mafuta. Mwaka 2011 kazi ikasimama, vibarua wakarudi nyumbani, na mbono kaburi hauliwi.

Je, yatupasa kukataa zao jipya? La. Bei nzuri ni baraka kwa mwenye akiba ghalani. Lakini auzaye yote wakati wa mavuno, hununua mwezi wa Februari kwa bei ile ile iliyomfurahisha mwenzake. Basi, ndugu mkulima, akija mtu kukusifia zao la mafuta, kwanza pima shamba la chakula cha watoto. Litakalobaki, ndilo la kujaribia. Usiache mbachao kwa msala upitao.