Ilani ya Miti Dawa ya Tarime na Serengeti

Sisi ni wana wa Tarime na Serengeti: Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata, Wajaluo. Tumo waganga wa tiba asili, walimu wa kemia, wahudumu wa zahanati na vijana wa kompyuta. Tunaanzisha vuguvugu ili elimu ya miti iliyomo vichwani mwa wazee wetu iandikwe, ipimwe, na majibu yarudi kwa wenyewe.

Malaria haitusubiri. Ng'ambo ya ziwa, mkoani Kagera, watafiti wamekuta vimelea vinavyochelewa kufa kwa dawa mseto. Bado inaponya, na hatumwambii mgonjwa yeyote aiache. Lakini itakayoirithi lazima itafutwe sasa.

Dawa mseto yenyewe ina asili ya jani. Tu Youyou wa China alihangaika na pakanga hadi aliposoma kitabu cha kale kilichoagiza majani yalowekwe na kukamuliwa, hakikusema yachemshwe. Akahisi kwamba moto ndio unaoharibu dawa, akatumia etha, inayochemka kwenye nyuzi 35 hivi. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Kwa hiyo hatutamuuliza mzee jina la mti tu. Ni gome au mzizi? Unachemshwa au unalowekwa? Unachimbwa masika au kiangazi? Tawi litabanwa katikati ya magazeti likauke, liandikiwe kijiji na jina la kienyeji, kisha mtaalamu wa mimea alitambue, maana jina moja laweza kubeba miti miwili. Ndani ya hifadhi hatuchumi kitu.

Kisha kompyuta. Mwaka 2020 ilichapishwa kanzidata ya kemikali za viumbe vya Afrika Mashariki, hasa mimea: molekuli 1,870 kutoka spishi 300 hivi. Umbo la kimeng'enya kimojawapo cha kimelea kinacholengwa na SP, dawa wanayomeza wajawazito kliniki, liko wazi tangu 2003. Programu ya AutoDock Vina ni ya bure na inakubali kompyuta ya kawaida. Inaingiza molekuli kwenye tundu la kimeng'enya, inaigeuza huku na huku, inakadiria itashika kwa nguvu gani. Kijana wa Mugumu anaweza kuchuja mamia ya molekuli zikabaki chache za kupeleka maabara Muhimbili. Huko ndiko hukumu itatolewa, kwa vimelea hai na vipimo vya sumu. Makadirio ya kompyuta si dawa. Atakayeyauza kama dawa si mwenzetu.

Tunaikumbuka Loliondo, 2011. Maelfu walikwenda Samunge kunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga, wengine wakiwa wameacha vidonge vyao, na wapo waliofia njiani. Tunataka swali la kisayansi litangulie foleni.

Mzee atakayetufundisha ataridhia kwanza, kwa lugha anayoielewa, na jina lake litabaki kwenye kumbukumbu akitaka. Asipotaka, siri yake tutaiacha kwake. Itifaki ya Nagoya ya 2010 inataka wenye maarifa wagawiwe faida. Tutaidai haki hiyo kwa mkataba ulioandikwa kabla gunia la kwanza halijapakiwa.

Tunaanza na homa, vijiji vichache, daftari na kompyuta za kuazima. Mwalimu unayeshika funguo za chumba cha kompyuta shuleni, tunakuomba utufungulie Jumamosi.