Maji Hayakupi Fremu, Buda

Wasee, hii nitaisema hata kama nitapoteza subskraiba. Zile vidio za kufunga bloku ya maji kwa GPU ambazo zimejaa YouTube na TikTok zenu wiki hizi zinawauzia urembo kwa jina la spidi. Namba wanazoonyesha nyingi ni za kweli. Shida ni vile wamezipata, na vile wanawaacha mkidhani zinamaanisha kitu hazimaanishi.

Kwa nini inaniuma? Juu ya DM zenu. Kuna kijana wa mwaka wa kwanza chuoni ameniandikia, ana RTX 3080 ya mkono wa pili inayopiga kelele kama poshomili. Ameona vidio joto likishuka kutoka 84 hadi 50, na sasa anataka kutoa pesa ya keja ya semista nzima anunue bloku, pampu, redieta na vile vibomba vinavyong'aa. Ananiuliza, "Boss, nikifunga maji nitapata fremu ngapi?" Nilimjibu kwa DM. Lakini nimeona wako wengi kama yeye, so leo tuongee sote.

Tuanze na hiyo kadi yenyewe. 3080 ilitoka Septemba 2020 na imewekewa kikomo cha wati 320. Hizo wati karibu zote zinaishia kuwa joto. Sasa, nyingi za hizi kadi zinazozunguka mtaani zilikuwa zinachimba Ethereum usiku na mchana hadi Septemba 2022, Ethereum ilipoacha mfumo wa kuchimbwa na wachimbaji wakabaki na kadi za kuuza. Uchimbaji wa Ethereum uliumiza sana memori. Na 3080 inatumia memori ya GDDR6X, ambayo kwa moto haina mchezo. Kwa hivyo ukinunua kadi kama hiyo leo, pesti iliyo kati ya chipu na kipoza mara nyingi imekauka, pedi za memori zimekuwa kama biskuti, na katikati ya mapezi ya kipoza kuna vumbi la nyumba tatu tofauti.

Hapo ndipo ujanja wa zile vidio unaanzia. Jamaa anachukua kadi ya hivyo, anapima joto ikiwa bado chafu, anafungua, anasafisha kila kitu, anaweka pesti mpya, pedi mpya na bloku ya maji, halafu anapima tena. Kisha anasema: maji yameshusha nyuzi 34! Kwani ni maji peke yake? Amebadilisha vitu vinne na kumpa mmoja sifa zote. Ni kama kupeleka gari kwa fundi, akuwekee plagi mpya, oili mpya, afumue injini na apake rangi nyekundu, halafu akwambie ni rangi nyekundu imeongeza spidi.

Mimi nimepima. Mteja mmoja alileta 3080 yake pamoja na bloku aliyokuwa amenunua tayari, nikamwomba ruhusa nipime hatua kwa hatua kabla ya kufunga. Chumba nyuzi 24, gemu ileile, mahali palepale, nikisoma HWiNFO. Ilivyokuja: chipu 81, ile sehemu moto zaidi ya chipu 99, memori 104. Fremu 92 kwa wastani. Nikaitoa kipoza, nikasafisha, pesti mpya, pedi mpya, nikarudisha kipoza kilekile cha feni: chipu 70, sehemu moto 83, memori 88, fremu 94. Hapo bado hakuna tone la maji, na tayari zile nyuzi za kutisha kwa memori zimeisha.

Ndiyo nikafunga bloku na redieta ya milimita 360. Baada ya dakika mbili chipu ilisoma 45. Hapo ndipo wale wa vidio huzima kamera. Mimi niliacha ikimbie nusu saa, na ikatulia 49, sehemu moto 61, memori 66, maji yenyewe yakiwa 36. Namba safi kabisa, siwezi kudanganya. Na fremu? 97.

Fremu tatu. Kutoka kwa kipoza cha feni kilichosafishwa hadi mfumo mzima wa maji, fremu tatu. Hata ukiwa na skrini ya 144 Hz hutaziona kwa macho.

Sababu yake si siri. Kadi za Nvidia hupunguza kasi kidogo kidogo chipu inavyopanda joto, hatua ndogondogo za megahezi chache. Ukiipoza unarudishiwa hizo hatua. Hakuna gia nyingine imefichwa hapo chini. Kinachoshika kadi isikimbie zaidi ni kile kikomo cha wati, na maji hayakigusi.

Kuna mahali wengi wenu mnachanganywa, nikae hapo kidogo. Maji hayali joto. Maji ni matatu. Yanapakia joto kwa chipu, yanalishusha kwa redieta, na redieta inalitupa wapi? Kwa hewa, ndani ya bedsitter yako hiyohiyo. Wati 320 zikiingia, wati 320 zinatoka. Lita moja ya maji ikipita kwa dakika hubeba karibu wati 70 kwa kila nyuzi moja inayopanda, so hata pampu ya kawaida inatosha sana. Foleni iko kwa redieta na feni zake. Ndiyo maana maji hayawezi kuwa baridi kuliko chumba. Msee wa Mombasa mwenye chumba cha nyuzi 32 asingoje namba za msee wa Limuru. Na sisi wa Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi karibu asilimia 17 kuliko ya pwani, kwa hivyo kila feni huku, ya kadi au ya redieta, inasukuma hewa pungufu kwa mzunguko uleule. Kuna mtu aliniambia eti maji yanakuokoa na hiyo. Hayakuokoi, redieta inapumua hewa ileile.

Kwa hivyo ukiona mtu anatoa namba ya joto bila kusema chumba kilikuwa nyuzi ngapi, hiyo namba itupe. Ya maana ni tofauti kati ya chipu na chumba, feni zikiwa kwa kasi gani, wati ngapi, na kwa muda gani. Bila hizo nne, umeonyeshwa taa za RGB.

Halafu kuna ile sehemu hawaonyeshi, ama wanaipitisha haraka na muziki juu yake. Kufunga.

Bloku haitengenezwi kwa "3080". Inatengenezwa kwa bodi fulani. Kampuni mbili zinaweza kuuza 3080 zenye chipu moja lakini bodi tofauti, na bloku ya moja isiingie kwa nyingine. Unaagiza nje, unangoja wiki, ushuru umelipa, unafungua sanduku unakuta mashimo ya skrubu hayalingani. Na siku utakapobadilisha kadi, hiyo bloku utamuuzia nani hapa? Pampu na redieta utabaki nazo, lakini bloku inageuka kuwa kitu cha kuzuia mlango.

Pedi nazo zina unene. Kitabu kikisema milimita 1 hapa na milimita 1.5 pale, ni hivyo. Ukiweka nene kila mahali, bloku inaning'inia juu ya pedi na haigusi chipu sawasawa. Utaona chipu 55 lakini sehemu moto 90, na utashangaa. Skrubu unakaza kwa mpangilio wa msalaba, kidogo kidogo, juu chipu imekaa wazi na kona yake ikipasuka kadi imeenda. Ule mfupa wa chuma wa nyuma na skrubu zote za kipoza cha zamani unaziweka kwa mfuko na kuandika jina, maana utazihitaji ukitaka kuuza.

Kuhusu metali naomba msikie vizuri. Bloku nyingi ni shaba iliyopakwa nikeli. Kuna duka moja mjini lilimuuzia jamaa yangu redieta ya alumini ikae kwa mfumo mmoja na bloku ya shaba, na walipoulizwa wakasema "ni sawa tu". Si sawa. Shaba na alumini ndani ya maji yaleyale zinageuka kuwa betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Uchafu wake unaenda kuziba mifereji midogo ya bloku. Ikiwa muuzaji hawezi kukuambia redieta ni metali gani, rudisha simu mfukoni, usilipe.

Na yale maji, si ya bomba. Ya bomba yana chumvi na chokaa. Maji ya betri (yale yasiyo na asidi, soma chupa!) ni mwanzo mzuri lakini peke yake hayazuii kutu wala ule ukungu wa kijani, lazima dawa yake. Kabla ya kuwasha PC unawasha pampu peke yake kwa saa kadhaa, tishu zikiwa chini ya kila kiungo, na pampu isikimbie kavu hata mara moja. Halafu kila mwaka hivi unayamwaga na kusafisha. Nani kwa zile vidio alikuambia kuhusu mwaka wa pili?

Kuna wanaosema maji Kenya ni hatari sababu ya stima kupotea. Hiyo si hoja. Stima ikienda pampu inazima, na kadi pia inazima, hakuna joto jipya linatengenezwa. Tupinge hii kitu kwa ukweli, si kwa hofu.

Sasa, yule kijana wa chuo afanye nini? Pesti na pedi, elfu tatu hivi ukijua pa kununua, jioni moja na bisibisi nzuri. Halafu apunguze volti, ambayo ni bure. Ile 3080 ya mteja, kabla sijaitia maji, niliishusha kwa MSI Afterburner hadi milivolti 850 kwa megahezi 1,800. Ilikunywa kama wati 255 badala ya 320, chipu ikakaa 62, feni zikanyamaza, na fremu zikawa 93. Fremu moja chini ya 94. Kila kadi ina bahati yake, yako inaweza kukataa hiyo volti na gemu ikaanguka, basi unapandisha kidogo unajaribu tena. Huchomi kitu kwa kupunguza. Na wati 65 ukicheza saa nne kila siku ni karibu yuniti 8 za tokeni kwa mwezi. Maji hayana hiyo zawadi: joto la chipu litashuka, lakini chumba chako kitapata joto karibu lilelile.

Nikipiga hesabu ya mfumo wa maji wa huyo mteja, vifaa peke yake vilipita elfu arobaini. Hiyo pesa ukiongeza kwa bei ya kuuza 3080 unapanda kadi, na hapo utaona fremu kweli, si tatu.

Mtasema nina wivu. Sina, nimezifunga na nimezipenda. Kuna watu bloku inawafaa: mwenye kadi ya wati 450 kama 4090, anayerekodi na maiki iko karibu na PC, anayerenda kwa Blender usiku kucha akilala chumba kilekile. Mwenye 3090 pia ana sababu, maana nusu ya memori yake iko mgongoni mwa bodi na kipoza cha mbele hakiifikii vizuri. Wanunue kwa ajili ya ukimya na joto. Na anayetaka tu ikae poa kwa picha, pesa ni yake, anunue, aseme ni urembo. Gari likiwekewa rimu mpya hakuna anayedai limeongezewa injini.

Ninaowalaumu ni sisi wa kamera. Ukipewa vifaa bure na muuzaji, sema mwanzoni kabisa, si kwa maandishi madogo chini ya vidio. Ukipima, safisha kadi kwanza kisha pima, ndiyo ulinganishe maji na feni na si maji na uchafu. Weka kipimajoto cha chumba cha shilingi mia tano ndani ya fremu. Acha ikimbie nusu saa. Halafu onyesha fremu, si joto peke yake, juu anayekutazama amekuja kutafuta fremu na unajua.

Mwenye namba tofauti na zangu azilete kwa komenti, na tutazibishania hapo hadi asubuhi. Lakini anza na joto la chumba.