Boriti Hizo Hazikutoka Baharini
Nyumba nyingi za kale za wakulima huko Kent na Sussex, kusini mashariki mwa Uingereza, leo ni makazi ya watu wasiolima. Wanaozinunua huuziwa pamoja na hadithi zake, na baadhi ya hadithi hizo zinaziangamiza nyumba zenyewe.

Kwanza huambiwa kuwa boriti zilitolewa kwenye merikebu zilizovunjwa. Kwa sehemu kubwa si kweli. Maseremala walikata mwaloni wa misitu ya jirani na kuuchonga ukiwa mbichi, maana ukikauka huwa mgumu mno. Walipanga fremu uwanjani mwao, wakachora alama kwenye kila kiungo, wakaifungua, kisha wakaisimamisha kiwanjani kwa kufuata alama hizo, ambazo hadi leo zinaonekana. Na yale matundu matupu yanayosingiziwa merikebu? Mara nyingi ni ya ukuta uliokwisha kuondolewa, au ya mti uliotolewa kwenye nyumba nyingine.

Huambiwa pia kuwa boriti zilikuwa nyeusi tangu mwanzo. Lakini kusini mashariki, mwaloni kwa kawaida uliachwa ugeuke kijivu wenyewe, au ulipakwa chokaa pamoja na ukuta. Weusi ulienea karne ya 19.

Dai ninaloliogopa ni hili: plasta ya saruji huikinga nyumba na unyevu. Ukuta wa nyumba hizi ni fito zilizosukwa na kukandikwa udongo, nyasi kavu na samadi, ukamalizwa kwa chokaa. Fremu hucheza kidogo majira yanapobadilika; chokaa huuvumilia mchezo huo na kuuacha unyevu utoke. Saruji hupasuka. Mvua huingia kwenye ufa, maji yakakosa pa kutokea, na mwaloni uliodumu miaka 500 ukaoza kimyakimya, hasa ile boriti ya chini inayobeba nguzo zote. Mwenye nyumba haoni kitu mpaka plasta ibanduliwe. Chama cha kulinda majengo ya kale, alichokianzisha William Morris na wenzake mwaka 1877, bado kinawasihi watu warudie chokaa.

Tena eti nyumba iliyoorodheshwa kisheria kuwa ya kulindwa haiguswi. Si kweli, kwani nyumba hizi zimebadilishwa tangu zamani. Bayleaf, nyumba ya Kent ya karne ya 15 iliyohamishiwa makumbusho ya Weald and Downland, inaonyesha hali ya zamani: ukumbi ulio wazi hadi paani, moto katikati ya sakafu, madirisha yasiyo na vioo. Nyingi za aina yake zilitiwa dohani na ghorofa kuanzia karne ya 16. Mabadiliko ni sehemu ya historia ya nyumba hizi. Sheria haikatazi jiko jipya. Inadai kibali kabla ya kugusa kinachoipa nyumba thamani yake. Kuipuuza ni kosa la jinai, na halmashauri inaweza kumlazimisha hata mnunuzi aliyefuata arekebishe uharibifu asioufanya yeye.