JUA NI LETU SOTE, LAKINI PANELI NI YA NANI?

Kwa miaka mingi mkazi wa Bugarama aliuona umeme kwa macho asiutumie. Mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, uliofunguliwa mwaka 2001, uliletewa umeme kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Shinyanga. Waya zilipita juu ya mashamba, lakini umeme wa nguvu hiyo hauingii nyumbani mpaka upunguzwe kituoni na kwenye transfoma. Wengi hawakungoja. Walipanda juu ya mapaa yao wakafunga sola.

Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, umesambaza nguzo nyingi. Hata hivyo nguzo iliyofika kijijini haikufika katika kila kitongoji, wala katika kila chumba. Kwa hiyo hatukubaliani na wasemao kwamba sola imekwisha kazi yake.

Swali letu ni hili: paneli ni mali ya nani? Mfanyakazi wa machimboni aghalabu ni mpangaji. Duka la zamani hugawanywa vyumba. Ghala hugeuzwa nyumba ya wageni. Mwenye jengo hataki gharama, maana mwanga ni wa mpangaji. Mpangaji naye aogopa kutoboa bati lisilo lake, maana kesho huenda akahama. Mwishowe hukopa sola ya kulipia kidogo kidogo kwa simu, na asipolipa taa huzimwa kutoka mbali. Biashara hiyo imewaangazia wengi wasioweza kutoa fedha zote mara moja, nasi hatuilaumu. Lakini ni haki ya mnunuzi kuelezwa jumla atakayolipa, na siku chombo kitakapokuwa chake.

Twatoa mashauri matatu. La kwanza, mpangaji na mwenye nyumba waandikiane: paneli iliyonunuliwa na mpangaji ni yake, aweza kuiondoa akihama baada ya kuziba matundu; au thamani yake ikatwe katika kodi.

La pili, tununue kwa pamoja kwa njia ya vyama vya akiba na mikopo. Wakulima wa pamba wa Usukuma walilijua jambo hili zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 waliweka watu wao wenyewe kukagua mizani ya wanunuzi, na mwaka 1955, chini ya uongozi wa Paul Bomani, wakaunda muungano wa vyama vya ushirika vya Victoria. Mtu mmoja hupunjwa kwa urahisi. Kundi lenye hesabu yake halipunjwi ovyo.

La tatu, kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Jengo lililogeuzwa matumizi likaguliwe kwanza, kwani mbao zilizoliwa na mchwa hazistahimili uzito na upepo. Betri ya asidi isiwekwe chumbani pasipo hewa, kwa sababu inapochajiwa hutoa gesi iwezayo kulipuka. Na vumbi la barabara na makarasha lifutwe, kwani paneli chafu hutoa umeme kidogo.

Matawi yetu na vyama vya wafanyakazi yafaa viyajadili mambo haya katika mikutano yao, na nakala ya mkataba ubandikwe ukutani. Jua halina mwenyewe, lakini chombo cha kulivuna kina mwenyewe. Naye yafaa awe yule anayekilipia kwa jasho lake.