Mgeni Ndani ya Tarakilishi: Kiswahili na Usalama wa Mashine Pepe

Mjadala kuhusu Kiswahili na teknolojia katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki aghalabu umekomea kwenye msamiati. Wapo wanaotetea tarakilishi, wapo wanaoshikilia kompyuta, na wapo waliopendekeza ngamizi. Mjadala huo una faida yake, lakini haumfai mtu aliyeketi mbele ya kioo akiulizwa swali asilolielewa, naye anatakiwa kulijibu katika sekunde chache. Makala haya yanashikilia kwamba maelekezo ya usalama ndiyo yanayostahili kutangulia katika kazi ya kukipeleka Kiswahili kwenye teknolojia. Usakinishaji wa mashine pepe katika tarakilishi inayotumia Linux ni mfano bora wa kulithibitisha dai hili.

Mji wa Isiolo, lango la kaskazini mwa Kenya, ni mahali panapofaa kulipimia jambo hili. Hapo hukutana Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, na lugha inayowaunganisha sokoni na stendi ni Kiswahili. Tuseme mwenye saiba mjini humo ana tarakilishi kuukuu za Windows 10. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya mfumo huo tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Linux haina malipo, kwa hiyo anaihamia. Hata hivyo, ipo programu moja ya hesabu inayofanya kazi katika Windows tu. Suluhisho lake ni mashine pepe, yaani tarakilishi ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya tarakilishi halisi.

Programu za kuundia mashine pepe si ngeni. VirtualBox ilitolewa mwaka 2007 na kampuni ya Kijerumani ya innotek, ikanunuliwa na Sun mwaka 2008, kisha ikaangukia mikononi mwa Oracle mwaka 2010. Kiini cha Linux chenyewe kimekuwa na nyenzo yake, KVM, tangu mwaka 2007. Wataalamu huiita mashine halisi mwenyeji na ile ya kuigiza mgeni. Mswahili hahitaji kufundishwa maana ya maneno haya mawili. Husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini katika tarakilishi mgeni anaweza pia kuja na maradhi, na hapo ndipo suala la usalama linapoanzia.

Hatua ya kwanza ni kukagua uwezo wa mwenyeji. Amri ya lscpu huonyesha iwapo kichakataji kina nyenzo za kuendeshea mashine pepe, VT-x kwa Intel au AMD-V kwa AMD. Ikiwa kumbukumbu ni GB 4, mgeni asipewe zaidi ya nusu, la sivyo wote wawili watakwama. Hatua ya pili ni chanzo cha programu. Pale ambapo vifurushi vya intaneti ni ghali, kishawishi cha kunakili programu kutoka kwenye flashi ya rafiki ni kikubwa. Njia salama ni kuichukua katika hazina rasmi ya toleo la Linux linalotumika, ambako saini za vifurushi hukaguliwa zenyewe, au kwa watengenezaji, kisha kuihakiki kwa amri ya sha256sum. Amri hiyo hutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Mfuatano huo ukitofautiana hata kwa herufi moja na ule uliotangazwa na watengenezaji, faili hiyo haifai kusakinishwa.

Hatua ya tatu ndiyo inayowashinda wengi. VirtualBox huongeza moduli ndani ya kiini cha Linux. Tarakilishi nyingi za kisasa zina Secure Boot, bawabu anayekagua saini za kila kinachoingia katika kiini tangu mashine inapowashwa. Moduli isiyo na saini inayotambulika hukataliwa. Katika Ubuntu, mtumiaji hutakiwa kuunda nywila wakati wa kusakinisha. Anapoiwasha mashine upya, hutokea kioo cha buluu kinachomtaka ausajili ufunguo mpya kwa nywila ile ile. Kioo hicho hungoja kwa sekunde chache tu, na maneno yake ni Kiingereza cha kifundi. Asiyeyaelewa hukipita, programu hugoma, naye huanza kutafuta msaada. Ushauri mwepesi atakaoupata ni kumfukuza bawabu kabisa kwa kuizima Secure Boot. Mlango unabaki wazi kwa sababu ya sentensi moja ambayo haikueleweka.

Baada ya hapo mgeni anahitaji masharti. Asifunguliwe mafaili yote ya mwenyeji. Apewe folda moja tu, tena ya kusoma pasipo kuandika inapowezekana. Mfumo uliokwisha kupoteza huduma ya kiusalama ukatiwe mtandao ikiwa kazi yake haiuhitaji. Isitoshe, picha ya hali ya mashine iliyohifadhiwa ndani ya diski ile ile si nakala ya akiba. Diski ikiharibika, vyote viwili hupotea. Katika saiba ambamo wateja huacha namba za vitambulisho na hati zao, kuyapuuza haya ni kuhatarisha siri za watu wengine.

Wapo watakaopinga kwamba amri za Linux ni za Kiingereza, hivyo anayezitumia hana budi kukijua Kiingereza. Hoja hii haina mashiko. Amri ni kama kanuni ya kemia: hubaki ilivyo, na mwalimu huieleza kwa lugha ya mwanafunzi. Kinachohitaji Kiswahili ni sababu ya amri, hatari yake na matokeo ya kukosea.

Wengine watakumbusha kwamba jaribio lilikwisha kufanywa. Ni kweli. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Mradi huo ulithibitisha kwamba lugha inaweza. Hata hivyo, programu hubadilika kila mwaka, na tafsiri isiyo na walezi huchakaa upesi. Mwongozo mfupi wa usalama, wa kurasa mbili au tatu, ni rahisi zaidi kuulea.

Kazi hiyo ni ya idara za Kiswahili pamoja na idara za sayansi ya tarakilishi. Wanafunzi wa Kiswahili wauandike, wa tarakilishi waukague, kisha wote wausome mbele ya mtumiaji wa Isiolo ambaye si wa idara yoyote. Akielewa kwa nini asimfukuze bawabu, mwongozo umefaulu. Asipoelewa, uandikwe upya. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Urasmi huo una maana ndogo ikiwa onyo linalomlinda mwananchi haliwezi kusomeka kwa lugha hiyo.