"Eternal", azali na abadi: tuwaambie watoto tofauti yake



Ndugu zangu wazazi na wanafunzi, vitabu vingi vya dini vya Kiingereza tulivyonavyo majumbani vimetoka kwa wanazuoni wa Pakistan na India, na baadhi yake viliandikwa kwanza kwa Kiurdu. Watoto wetu wanaosoma shule za Kiingereza huvielewa upesi kuliko sisi. Humo ndani limo neno "eternal". Linasemwa juu ya Allah (S.W.), na kurasa chache mbele linasemwa juu ya Pepo. Sasa mtoto mwenye akili atauliza, na mimi nimeulizwa: "Maalim, kama Allah ni eternal na Pepo nayo ni eternal, basi Pepo ilikuwepo pamoja Naye siku zote?"

Kuna walimu watakaomnyamazisha. Mimi naona si utovu wa adabu hata kidogo. Hilo ni swali la tauhidi, na kosa si la mtoto, ni la neno. Kiingereza kimebebesha neno moja mizigo miwili.

Mwandishi wa Kiurdu hana shida hiyo. Analo neno azali, yaani kisicho na mwanzo, na analo abadi, kisicho na mwisho. Yote mawili yametoka katika Kiarabu. Allah ni azali na ni abadi, Ndiye wa Mwanzo na Ndiye wa Mwisho, kama tunavyosoma katika Surat al-Hadid aya ya 3. Pepo si azali. Ni kiumbe, imeumbwa, ina mwanzo, na haitakwisha kwa sababu Muumba wake ametaka isikwishe. Mfasiri akiyaandika maneno yote mawili "eternal", tofauti kati ya Muumba na kiumbe imepotea njiani, na hakuna aliyekusudia.

Linaloniuma ni kuwa sisi Waswahili maneno haya tunayo! Azali imo katika kamusi zetu, na abadi imo. Lakini abadi imebaki kutumika kukataa tu: "Abadan, siendi." Azali wengi wanaikuta kwenye mashairi ya zamani na kuipita. Tumebaki na milele, nayo peke yake haitoshi, maana tunaisema kwa Mola na tunaisema kwa Pepo vilevile.

Tuje kwenye "permanent". Kwa Kiurdu ni mustaqil. Fomu za Pakistan huuliza mustaqil pata, anwani ya kudumu. Vijana wetu waliosoma Kiarabu huteleza hapa, kwani kwa Kiarabu mustaqill ni mwenye kujitegemea, aliye huru. Mgeni wa Tabligh akitoa bayana kwa Kiurdu, na mkalimani akakisia kwa Kiarabu chake cha madrasa, kazi ya kudumu itageuka kuwa kazi ya kujitegemea, na msikiti mzima utaitikia.

Watu wa kawaida huko wana neno jingine ninalolipenda zaidi: pakka. Maana yake ya asili ni kilichoiva au kilichopikwa. Nyumba ya matofali ya kuchoma ni pakka, na ya udongo ni kachcha, yaani mbichi. Ajira ya kudumu nayo huitwa pakki. Neno hili halidanganyi, kwani hata tofali la kuchoma ni udongo ulioona moto. Kiingereza hakina unyenyekevu huo. Mwaka 1793 Waingereza waliweka Bengal utaratibu wa kodi ya ardhi wakauita "Permanent Settlement", kodi isiyobadilika daima. Katika Bengal ya Mashariki ukafutwa kwa sheria ya mwaka 1950. "Permanent" hiyo ilidumu miaka 157.

Hapa niwatahadharishe wanafunzi. Islamabad haina maana ya "Uislamu wa milele". Ile ābād ya Kiajemi, yenye alifu ndefu, ni mahali penye makazi ya watu, kama katika Hyderabad na Faisalabad. Wala "zindabad" haina abadi ndani yake. Ni zinda, aliye hai, na bād, na awe. Na maiti wa Madina wamezikwa Baqii, kwa herufi ya ayn, neno ambalo halina nasaba na baki.

Ama neno khuld, ambalo Kiurdu hulitumia kwa udumu wa Peponi, tukumbuke nani alilitumia kwa hadaa. Shetani alimwendea Nabii Adam (A.S.) na habari za mti wa khuld, kama ilivyo katika Surat Taha. Na huko India upo mji unaoitwa Khuldabad. Mfalme Aurangzeb, aliyefariki mwaka 1707, amezikwa hapo katika kaburi la kawaida lisilo na kuba.

Lipo neno moja la udumu ambalo mja anaweza kulishika hapa hapa duniani. Bibi Aisha (R.A.) amepokea kuwa amali zipendezazo zaidi kwa Allah ni zile zinazodumishwa, hata zikiwa chache. Mzizi wa neno hilo la Kiarabu ndio mzizi wa kudumu kwetu na daimi kwa Kiurdu. Waurdu husema pia maradhi daimi, ugonjwa usiomwachia mtu. Rakaa mbili za kila usiku zingekuwa daimi namna hiyo, wangapi tungefurahi kuugua!

Yule mtoto nilimwandikia ubaoni azali na abadi, na chini yake nikaandika majina: Allah pande zote mbili, Pepo upande mmoja tu. Akatazama kwa muda, akauliza: "Na roho yangu, Maalim?" Nikamwambia, wewe uionaje? Akasema ina mwanzo, kwani yeye kabla hajazaliwa hakuwepo. Akachukua chaki akaliandika jina lake mwenyewe chini ya abadi, karibu na Pepo.

Wallahu aalam.